Mtunza bustani anayepanda njia kwa ajili ya fimbo nyeupe

Saa mbili kasorobo asubuhi, mtu anayeitwa Samadi amepiga magoti kwenye udongo uliolowa, mkasi mkubwa wa bustani mikononi, na anafanya kazi ambayo ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya mlevi. Anakata kichaka kimoja cha nyasi mpaka kinabaki urefu wa shubiri. Anaruka kinachofuata. Anakata cha tatu. Anaruka cha nne.

Kulia kwake kuna njia ya saruji yenye hatua mia mbili na kumi, inayotoka mabwenini kwenda karakana ya chuo cha ufundi cha watu wazima wasioona. Kushoto kwake, nyuma ya nyasi, kuna mtaro wa maji ya mvua. Kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni.

Saa mbili kamili kengele italia na wanachuo arobaini na watatu watatoka na fimbo zao nyeupe. Mlangoni mwa karakana amesimama mwenyekiti wa bodi ya chuo, muuguzi mstaafu, ameegemea mwavuli. Hakuja kusalimia. Amekuja kuona kama kuna mtu atapotea.

Akipotea hata mmoja wiki hii, vichaka vyote tisini na sita vya nyasi vitang'olewa Jumamosi. Miche sitini ya msaipresi itakayochukua nafasi yake imeshanunuliwa. Imepangwa kando ya ghala kwenye mifuko yake myeusi, inasubiri mashimo.

"Na imenyesha alfajiri," anasema Samadi bila kuinua kichwa. "Siku zote za mwaka, imechagua leo. Nyasi zikilowa hazisemi."

Samadi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wanachuo, ambao humtambua kwa harufu kabla hajafungua kinywa. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Shule aliiachia darasa la tano, baba yake alipofariki, na tangu hapo amekula kwa udongo. Kwenye chuo hiki ana miaka kumi na saba. Mshahara wake ukishalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya binti wa mwisho, kinachobaki ni cha sabuni na chumvi. Mkasi alioushika aliununua mwenyewe.

Nyasi zenyewe ni zile ndefu za mapambo, zinazoota kwa vichaka na kutoa mikia laini juu, ambazo watu hupanda mbele ya nyumba ili zipendeze. Hapa hazikupandwa kwa ajili ya wasioona. Miaka minane iliyopita mkuu wa chuo wa wakati huo alitaka kitu cha kuficha mtaro, wageni wasiuone.

Kabla ya hapo palikuwa na bomba la chuma la kushikilia, toka bwenini hadi karakana. Mchana lilichoma viganja kama kikaango. Usiku mmoja wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja wakalimaliza lote. "Chuma kiliibwa," anasema Samadi. "Nyasi ataiba nani?"

Aliyegundua kazi ya nyasi ni fundi cherehani mmoja, mama wa miaka sitini aliyepoteza macho kwa kisukari. Siku yake ya tatu chuoni alisimama katikati ya njia, akageuza sikio, akauliza: "Jamani, huyu anayenong'ona hapa kushoto ni nani?"

Wenzake walidhani anatania. Lakini kuanzia siku ile mama huyo alitembea peke yake, fimbo ikigusa nyasi, chwaa, chwaa, chwaa, mpaka mlangoni. Wenzake wakamfuata. Baada ya miezi miwili chuo kizima kilikuwa kinatembea kwa kusikia nyasi, na aliyekuwa hajui ni mmoja tu: aliyezipanda.

"Mimi niliona vichaka vimelala upande wa njia, vimepigwapigwa," anasema Samadi. "Nikajua kuna mhuni. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nimkamate. Wakapita wahuni arobaini, kila mmoja na fimbo yake."

Hapo ndipo alipoanza kuzitunza kwa namna nyingine. Lakini alijua nusu tu, na mjua nusu ni hatari kuliko asiyejua kabisa.

Nyasi za aina hii hukauka mwisho wa kiangazi. Usipozikata, jani jipya hukosa pa kupitia na kichaka huoza katikati. Kila mwaka Samadi alizikata wakati wa likizo, na wanachuo walirudi zikiwa zimefika magotini. Mwaka jana likizo ilisogezwa. Samadi hakusogeza chochote. Alizikata zote tisini na sita kwa siku moja, Jumapili, akafagia, akarudi nyuma kuitazama kazi yake, akaridhika.

Jumatatu asubuhi, mwanachuo mmoja ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa lori, na ambaye wenzake humwita Tani Thelathini, alitoka bwenini akapeleka fimbo kushoto. Hakukuta kitu. Akaipeleka mbali zaidi. Hakukuta kitu. Akaifuata.

"Nilidhani nimegeuka," anasimulia Tani Thelathini. "Dereva akipoteza alama ya barabara, anatafuta ukingo. Nikatafuta ukingo. Nikaupata, tena wote kwa mara moja."

Aliangukia mtaroni na kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa anajifunza kusuka viti vya ukili, na mikono ndiyo macho yaliyobaki. Miezi mitatu alikaa akisikiliza wenzake wakisuka.

Nyumbani, Samadi hakupata pa kujificha. Mke wake hufua mashuka ya chuo hichohicho na alishapata habari yote kabla hajavua viatu. "Umebomoa ukuta wa watu," alimwambia, "halafu umekuja kunywa chai."

"Sikuinywa," anasema Samadi.

Bodi ilikutana wiki iliyofuata na haikuhitaji muda mrefu. Nyasi hutoweka kila mwaka, msaipresi ni wa kijani mwaka mzima. Zing'olewe nyasi, upandwe ua wa misaipresi pande zote mbili. Mama mwenyekiti anasema hata leo haoni kosa la hoja ile. "Sina ugomvi na nyasi. Nina ugomvi na mifupa iliyovunjika. Nimeifunga mingi mno maishani."

Samadi aliomba kuingia kwenye kikao. Haikuwahi kutokea mtunza bustani kuingia kwenye kikao cha bodi. Alivua buti mlangoni, akaingia na soksi, mkono mmoja tawi la msaipresi, mkono mwingine fungu la nyasi.

Wajumbe walitegemea atetee nyasi zake. Alianza kwa kuzisema vibaya. Aliwaambia nyasi zina msimu wa kufa, zikilowa huwa bubu, na kuna aina yenye jani kama wembe ambayo mtu akiipitisha mkononi anaondoka na damu. Kisha akaushika msaipresi akausema vibaya pia.

Aliwasimulia kisa ambacho hata mke wake hakuwa akikijua. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliajiriwa na tajiri mwenye ua wa misaipresi ulionenepa mpaka kuziba madirisha. Samadi, aliyekua akikata majani ya ng'ombe, aliukata kama majani: ukate leo, uchipue mwezi ujao. Alikata mpaka akafika ndani, kwenye kuni kavu ya kahawia. Mwezi ukaisha. Mwaka ukaisha. Ua ukabaki umekauka kama mkeka wa kale, na yeye akabaki bila kazi.

"Tajiri alinifukuza, na haki alikuwa nayo," aliwaambia wajumbe. "Msaipresi hauna msamaha. Ukiukata kwenye kijani unapendeza, ukiingia kwenye kuni umeua. Nyasi unaweza kuzikata mpaka ukaona aibu mwenyewe, na zitarudi. Msiniulize kipi bora. Niulizeni kipi kifanye kazi gani."

"Na nyoka?" mjumbe mmoja aliuliza. "Nyasi ndefu si nyumba ya nyoka?"

"Mheshimiwa, pale zinapita fimbo arobaini na tatu, mara sita kwa siku. Huyo nyoka atakuwa ana shida gani kwao mpaka ahamie pale?"

Walicheka, na kucheka kulimsaidia. Lakini kilichomwokoa ni jambo moja alilolisema mwisho: ua wa misaipresi uliofungana unasimama kimya, na unafanana mwanzo hadi mwisho. Mtu atajua hajaanguka, ila hatajua amefika wapi. Atapita mlango wa bwalo, atapita mlango wa zahanati, mpaka agonge ukuta.

Bodi ilimpa mwaka mmoja, na sharti moja. Ukataji ujao wa nyasi ufanywe chuo kikiwa wazi, bodi ikitazama wiki nzima, naye Samadi asimwelekeze mtu njiani hata kwa neno. Akipotea mtu, basi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenda hospitali. Tani Thelathini alikuwa kitandani, plasta hadi kiwiko. Samadi alisimama akasema pole mara tatu.

"Pole haitembei," Tani Thelathini alimjibu. "Nikitoka hapa, kila siku saa kumi jioni utatembea na mimi ile njia. Macho umefunga. Ukikataa, mtaro ule nitakutupa kwa huu mkono mmoja."

Walitembea mwaka mzima. Mke wa Samadi alitoa kitambaa cha jikoni cha kumfunga machoni na wiki ya kwanza alikuja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, usicheke," Tani Thelathini alimwambia. "Mumeo akifumba macho anatembea kama lori lililokatika usukani."

"Hata akifumbua, shemeji. Mimi nimemzoea."

Giza lile lilimfundisha Samadi mambo ambayo miaka kumi na saba ya kuona haikumfundisha. Alijua kwamba nyasi husaidia kwenye mstari ulionyooka, kwa sababu zinaguswa kila hatua. Ila pembeni, mahali pa kukunja, mtu anahitaji kitu kimoja kikubwa kisichosogea wala kufa. Hapo ndipo msaipresi unapoingia. Alipanda kumi tu. Mmoja kwenye kona ya bwalo, miwili iliyokaribiana kwenye kona ya karakana, mitatu kwa zahanati, minne kwa lango.

Aliiweka mbali kidogo na nyasi. Jaribio la kwanza aliipanda karibu mno, na vichaka vilivyo chini yake vikaanza kudhoofika kwa kivuli. "Hao hawalali kitanda kimoja," anasema. "Msaipresi anavuta shuka lote."

Kisha wanachuo wakaanza kuichuna. Kila aliyefika konani alikamata ncha ya tawi, akaipondaponda vidoleni, akanusa, akajua yuko wapi. Tani Thelathini aliongeza shikamoo. Wote wakaiga. Ikawa kila asubuhi miti michanga kuliko binti wa Samadi inaamkiwa na watu wa makamo.

Samadi alikasirika. Miti ilikuwa bado midogo. Alitafuta ubao, akanunua rangi, akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: USICHUNE MTI. Akausimika konani.

Ulikaa siku mbili. Siku ya tatu Tani Thelathini aliugonga kwa fimbo, akaupapasa juu hadi chini, akauliza mbele za watu: "Samadi, ndugu yangu, kibao chako kizuri sana. Kinasemaje?"

Bwalo zima lilicheka chakula kikapoa. Samadi aling'oa kibao kile mwenyewe. Badala yake aliwaambia wachune ncha tu, palipo laini, na wasirudie tawi moja kila siku. Wakasikia. Miti ikazidi kufunga majani.

Lililobaki lilikuwa tatizo la siku ya kukata. Alihesabu hatua, akapima fimbo inafagia upana gani, akagundua kwamba fimbo ya mtu anayetembea kwa kawaida haiwezi kuruka vichaka viwili mfululizo. Basi akaamua: kata kimoja, acha kimoja. Vilivyoachwa vitakatwa baada ya wiki sita, vya kwanza vikiwa vimefika magotini. Kichaka kinachokaa wiki sita zaidi kinachakaa kidogo, lakini hakifi. Jana jioni alisimama bwaloni akatangaza: "Kesho fimbo itasikia chwaa, kimya, chwaa, kimya. Kimya si hatari. Hatari ni kimya mara mbili."

Hakutangaza mvua.

Kengele inalia. Samadi anaweka mkasi chini, anaondoka njiani na kusimama karibu na tangi la maji. Sharti linamkataza kusema neno. Mama mwenyekiti anafunga mwavuli.

Wa kwanza ni fundi cherehani, ambaye sasa anafundisha wapya kushona. Fimbo yake inagonga nyasi zilizolowa na sauti inayotoka si chwaa. Ni pwa, nzito, kama kofi kwenye nguo mbichi. Anapunguza mwendo. Anasikiliza mara mbili. Anaendelea. Nyuma yake wanakuja wengine, mmojammoja, na kwa dakika tano kinachosikika ni pwa na kimya, pwa na kimya, na shikamoo za konani.

Tani Thelathini anapita akipiga mluzi. Anapofika usawa wa tangi anasema bila kugeuka: "Pumua, Samadi. Nakusikia hupumui."

Wa mwisho kabisa ni mwanamke mgeni, mhudumu wa mapokezi wa zamani, ana wiki tatu tu chuoni. Anakwenda vizuri hadi hatua ya mia moja na tisini. Hapo anasimama.

Anapeleka fimbo kushoto. Inapita juu ya kisiki cha nyasi iliyokatwa, haigusi. Anasogea nusu hatua. Fimbo inapita tena patupu. Kwa woga amefupisha hatua, na kwa mtu aliyefupisha hatua hesabu ya Samadi haifanyi kazi. Mguu wake wa kushoto umefika ukingoni mwa saruji. Mbele yake kuna kisiki, na nyuma ya kisiki kuna mtaro.

Samadi anaziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Mlangoni mwa karakana, mama mwenyekiti ameshapiga hatua mbili mbele na mkono ameunyoosha, muuguzi zaidi kuliko mwenyekiti.

Mwanamke anainua kidevu. Anavuta pumzi, ndefu. Watu arobaini na wawili wamepita kona ya karakana ndani ya dakika tano, na kila mmoja ameponda ncha ya msaipresi uliolowa mvua. Hewa imejaa. Hata Samadi, kando ya tangi, anaisikia harufu hiyo, kali na safi kama ubao uliopigwa randa sasa hivi. Anageuza uso kulia polepole, mwili unafuata, mguu unaondoka ukingoni. Hatua kumi na moja. Mkono wake unagusa mti wa kwanza, halafu wa pili.

"Shikamoo," anasema. "Na wewe shikamoo. Miwili. Karakana."

Anaingia.

Mama mwenyekiti anashusha mkono wake. Kisha anakwenda kwa Samadi, ambaye amekaa kitako chini na hajali suruali.

"Alisimama," anasema mama.

"Alisimama, mama. Kosa langu. Pale nitapanda vichaka vya karibukaribu, kwa wenye hatua fupi. Nitalirekebisha leo hii."

"Alisimama, lakini hakupotea." Anatazama kona. "Ningepanda ua wangu, pale angenusa nini? Kila mahali pangenukia sawa."

Samadi anafuta udongo mdomoni. Mwaka mzima alisubiri mtu mwingine aliseme hilo.

Nyasi zitabaki, mama mwenyekiti amesema, na bodi itaandikiwa hivyo. Siku zilizobaki za sharti atakuja mwenyewe kila asubuhi, "maana siku moja si ushahidi." Samadi anasema aje hata mwezi.

Lakini mtu akidhani mtunza bustani huyu ameridhika, hajamjua. Akili yake imeshatoka nje ya lango. Kutoka hapo hadi kituo cha basi kuna hatua mia sita za vumbi, vibanda na pikipiki, na hakuna mwanachuo anayezitembea bila kushikwa mkono. Tani Thelathini ana mjukuu ambaye hajawahi kumbeba, kwa kuwa kila akitaka kwenda kwa binti yake lazima aombe mtu wa kumpeleka kituoni, na hapendi kuomba.

Samadi ameshaitembea njia hiyo mara tatu akiwa amefunga macho. Mara ya pili mwendesha pikipiki alimtukana mpaka ukoo. Ameshapeleka ombi ofisi ya mji, apewe ukanda wa upana wa mita moja kando ya barabara. Afisa alimkatalia. Alimwuliza nani atatunza nyasi na miti yote hiyo, na yeye akistaafu itakuwaje.

"Siku hiyo sikuwa na jibu," anasema Samadi, akiokota mkasi na kurudi kwenye vichaka vyake. "Sasa ninalo. Wanachuo wanne nimewafundisha kukata. Nyasi unapima kwa shubiri, macho ya nini? Na msaipresi wanaukata vizuri kuliko mimi nilivyoukata ujana wangu, kwa sababu mimi niliangalia rangi, wao wanapapasa. Palipo laini wanakata, palipo pagumu wanaacha."

Anapiga magoti. Anakata kimoja.

"Jumatatu nakwenda nao wote wanne, kila mtu na mkasi wake. Afisa atuoneshe ua wowote anaotaka pale ofisini kwake, tuukate mbele yake. Akikataa tena, Jumanne tutarudi."

Anaruka kinachofuata.